Majibu 197 ya "Ndiyo": kisa cha taarifa ya udhibiti wa ndani, Moshi

Jedwali lilikuwa zuri kulitazama. Ukurasa mmoja, vituo vitano vimepangwa kwa safu: Himo, Mwanga, Same, Bomang'ombe na Mkuu Rombo. Kila kituo maswali 42, na chini kabisa jumla: Ndiyo 197, Haihusiki 9, Hapana 4. Juu ya jedwali palikuwa na sentensi moja iliyokuwa ikisubiri saini ya Mkurugenzi, kwamba mifumo ya udhibiti wa ndani ya taasisi, yaani taratibu za kulinda fedha na mali zake, ilifanya kazi ipasavyo kwa mwaka mzima.

Ilikuwa wiki ya pili ya Julai, hesabu za mwaka zinaandaliwa. Mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, mzee mmoja mstaafu wa utumishi wa umma, alilisoma jedwali lile kimya kimya, akavua miwani. "Mkaguzi," akaniambia, "hizi Ndiyo zote, nani amekwenda kuzitazama?"

Sikuwa na jibu. Kila robo mwaka vituo vilijaza fomu, kitengo cha fedha kikajumlisha, nami nikagonga muhuri wa kuonyesha nimepokea. Hakuna aliyekwenda.

Taasisi yenyewe sitaitaja, wala watu wake. Ni taasisi ya serikali yenye ofisi kuu Moshi mjini, inayotoa vibali na kukusanya ada, na mimi nilikuwa mkaguzi wake wa ndani. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wakaguzi, wahasibu na wakuu wa vituo, kwa sababu tumezoea kukagua fedha, stoo na manunuzi, ila ile karatasi inayosema fedha, stoo na manunuzi vinalindwa vizuri tunaipitisha tu kama barua ya salamu.

Kwa asiyeifahamu kalenda yetu: mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Hesabu zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, yaani hadi mwisho wa Septemba, naye humkabidhi Rais ripoti kuu kabla ya Machi kuisha. Hesabu haziendi peke yake. Zinaambatana na taarifa ya uongozi, na humo ndani uongozi unaeleza vihatarishi vinavyoikabili taasisi na jinsi udhibiti wa ndani unavyofanya kazi. Kanuni za Fedha za Umma za 2001 zinamtaka Afisa Masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, awe na kitengo cha ukaguzi wa ndani na kamati ya ukaguzi, na marekebisho ya Sheria ya Fedha za Umma ya 2010 yakaleta ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali. Wenzetu Marekani wana sheria ya mwaka 1982 inayomtaka kila mkuu wa taasisi ya serikali kuu atathmini udhibiti wake na kutoa taarifa kila mwaka, tena aseme wazi palipo na udhaifu. Jambo lenyewe, kwa hiyo, si la Moshi pekee. Popote ambapo mkuu anatia saini kwamba nyumba yake iko salama, kuna swali la nani alizunguka usiku kujaribu vitasa.

Kuna dhana moja ambayo lazima niiondoe hapa, maana nimeisikia hata kwa wakuu wa idara. Mtu akisema "sisi tuna hati inayoridhisha", anadhani amethibitisha kwamba udhibiti wake ni mzuri. Sivyo. Hati inayoridhisha, ambayo ni maoni ya mkaguzi wa nje, inasema hesabu zimeandaliwa kwa usahihi katika mambo yote ya msingi. Haitoi maoni kwamba milango yote ilifungwa kila usiku. Taasisi yaweza kupata hati inayoridhisha huku usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, ukifanyika mara moja kwa mwaka, mradi tarakimu za mwisho zitoke sawa. Taasisi niliyokuwa nayo ilikuwa na hati safi miaka kadhaa mfululizo, na hati hiyo ndiyo iliyotupa usingizi.

Nilivyoipanga kazi

Niliamua kutokagua fedha. Nilitaka kukagua majibu. Ni tofauti ndogo kwa maneno, kubwa kwa vitendo. Ukikagua usuluhishi wa benki unauliza kama salio ni sahihi. Ukikagua jibu la "Ndiyo, usuluhishi unafanyika kila mwezi", unauliza mambo matatu. Je, kuna utaratibu uliowekwa? Je, ulifuatwa, na ulifuatwa lini? Je, kile kilichoandikwa kwenye fomu kinalingana na kilichotokea? Utaratibu waweza kuwepo na usifuatwe. Waweza kufuatwa na fomu ikasema haufuatwi, hilo nalo ni kosa la taarifa. Jambo la tatu ndilo lililokuwa kazi yangu, ila huwezi kulifikia bila kupita mawili ya kwanza.

Majibu yalikuwa 210. Nikachukua 60. Yale 13 yasiyokuwa "Ndiyo" niliyachukua yote, kwa kuwa yalikuwa machache na yalinitia shauku. Kwenye "Ndiyo" nilichagua 30 kutoka maswali yanayogusa fedha moja kwa moja: makusanyo, usuluhishi, masurufu (fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari au kazi, kisha azitolee hesabu), idhini za malipo, mafuta ya magari. Mengine 17 niliyatoa kwa bahati nasibu, ili nisije nikaona tu kile nilichokwenda kukitafuta.

Kulikuwa na jambo la aibu ambalo nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango kazi. Miaka mitatu nyuma, mimi ndiye niliyesaidia kutunga yale maswali 42. Mkaguzi hapaswi kujikagua. Nikamwomba mwenzangu wa kitengo cha ukaguzi cha taasisi nyingine, kwa barua na kwa ridhaa ya wakuu wetu wote wawili, aisome fomu yenyewe na kutoa maoni yake bila mimi kuwepo. Nitarudi kwenye alichokikuta.

Kabla ya kuondoka Moshi niliweka kanuni moja kwenye karatasi zangu za kazi: ushahidi wa udhibiti lazima uwe umezaliwa siku ambayo udhibiti ulifanyika. Saini iliyowekwa baadaye inathibitisha kwamba mtu alikuwa na kalamu. Kanuni hiyo ndiyo iliyobeba kazi nzima.

Same

Nilianza na Same kwa sababu kituo hicho kilikuwa na Ndiyo 42 kati ya 42. Nilifika asubuhi, jua la Same tayari limeshakaza. Mhasibu msaidizi, kijana mpole, alinipokea kwa heshima zote na kunitolea faili la usuluhishi wa benki kabla sijaketi. Karatasi 12, Julai hadi Juni. Kila moja ina saini ya mwandaaji na saini ya mkuu wa kituo, na kila moja ina tarehe ya wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Mtu angeziangalia juu juu angeandika "imethibitishwa" na kuomba chai.

Nilizitandaza zote mezani, moja kando ya nyingine. Ukizisoma moja moja kwenye faili huoni kitu. Ukizitandaza unaanza kuona. Wino mmoja. Mwandiko haukubadilika hata kidogo kwa miezi 12, wala mkono haukuonyesha haraka ya Desemba au uchovu wa Juni. Hayo ni dalili tu, mtu hahukumiwi kwa wino. Kisha nikatazama chini ya karatasi, pale programu inapoandika tarehe ya kuchapisha kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. Karatasi 11 kati ya 12 zilikuwa zimechapishwa siku moja, 6 Julai. Zilizosainiwa Agosti, Oktoba, Februari, zote zilitoka kwenye printa siku nne kabla ya mimi kupewa lile jedwali.

Bado nilitaka kumpa kijana nafasi. Huenda zilichapishwa upya kwa sababu za awali zilipotea. Ndipo nikaomba faili la masurufu ya safari. Karatasi ya Novemba ilikuwa na saini ya mkuu wa kituo ya tarehe 4 Desemba. Faili la masurufu lilionyesha kwamba kuanzia 2 hadi 8 Desemba mkuu huyo alikuwa Dodoma kwenye mafunzo, amelipwa posho, amerejesha masurufu kwa tiketi za basi na risiti ya nyumba ya wageni. Hati hizo mbili zinatoka ofisi moja na zote zina saini yake. Hazikuweza kuwa kweli zote mbili. Hapo nilijifunza mbinu ambayo sasa naitumia kila mahali: hati ikitengenezwa ili imridhishe mkaguzi, iweke kando ya hati iliyotengenezwa ili mtu alipwe. Ya pili huwa na tarehe za kweli.

Nilimwuliza kijana bila kupaza sauti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo ya kweli mkaguzi ni kusema ukweli. Niko peke yangu hapa. Napokea, natoa, naandika leja, nasuluhisha. Mwezi ukiisha nakuwa nimechoka. Fomu ikija nauliza Moshi nijibu nini, naambiwa wewe jaza Ndiyo, halafu utasuluhisha."

Sikumwona kama mwizi, na hakuwa mwizi. Nilihesabu kila shilingi ya benki dhidi ya leja kwa siku mbili, hakuna iliyopotea. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo lililokuja kuwa gumu kuliko yote baadaye.

Ila kulikuwa na 480,000.

Kwenye karatasi ya Novemba, chini ya mambo yanayosubiri, palikuwa na mstari: fedha zilizoingia benki zisizotambulika, shilingi 480,000, inafuatiliwa. Desemba mstari ule ule. Januari vilevile. Hadi Juni, miezi minane, "inafuatiliwa". Kwa kuwa karibu karatasi zote ziliandaliwa siku moja, hakukuwa na mwezi hata mmoja ambao mtu aliufuatilia. Nikafungua taarifa ya benki ya Novemba. Fedha ziliwekwa dirishani, moja kwa moja kwenye akaunti, bila kumbukumbu namba, ile ambayo wananchi wanaiita kontroli namba. Jina la aliyeweka lilikuwepo.

Nikalipeleka jina hilo meza ya vibali. Kati ya meza ya hesabu na meza ya vibali pale Same kuna hatua tisa, nilizihesabu. Afisa wa vibali alilitazama jina, hakuhitaji hata kufungua faili. "Huyu si mweka hazina wa kile kikundi cha akina mama wa tangawizi, wa kule juu milimani? Tumewaandikia barua ya deni mara mbili. Kibali chao tumekizuia tangu Januari."

Siku waliyokuja kulipa, mtandao ulikuwa chini na namba haikutoka. Wakashauriwa na mtu, hawakumkumbuka nani, waende benki waweke tu. Wakaweka, wakapewa karatasi ya benki, wakarudi mlimani. Mama mwenyekiti alishuka mara tatu na karatasi ile ndani ya mfuko wa nailoni. Mara zote aliambiwa mfumo unaonyesha bado anadaiwa, na mfumo ulikuwa unasema hivyo kweli, kwa sababu mfumo hujua kile unachoambiwa. Kama usuluhishi wa Novemba ungefanyika wiki ya kwanza ya Desemba, yule kijana angeliona jina lile, angetembea hatua tisa, na barua ya kwanza ya deni isingeandikwa. Msimu mmoja wa tangawizi ulipita kikundi kikiwa hakina kibali, huku kwenye jedwali letu la Moshi swali namba 7 likisema "Ndiyo".

Rombo

Mwanga, Himo na Bomang'ombe nilivipitia kwa siku mbilimbili. Himo ndiko nilikokuta nywila ya mkuu wa kituo imeandikwa nyuma ya kalenda, na kumbukumbu za mfumo wa malipo zikionyesha malipo yanaandaliwa na kuidhinishwa ndani ya dakika moja, kwenye kompyuta ileile, siku ambazo mkuu alikuwa likizo. Jibu la fomu: "Ndiyo, anayeandaa siye anayeidhinisha." Bomang'ombe walikuwa wazuri kwa kweli, hasa mama wa stoo, ambaye kadi zake za mali zilisoma sawa na kilichokuwa rafuni hadi kalamu ya mwisho. Mwanga nilikuta "Haihusiki" tatu kwenye maswali ya mafuta, eti kituo hakina gari, na gari lenyewe limeegeshwa nje ya dirisha. Lilihamishiwa pale katikati ya mwaka na hakuna aliyekumbuka kubadilisha fomu.

Mkuu Rombo kulikuwa na mvua na baridi, na kulikuwa na "Hapana" zote nne za taasisi nzima. Nilitarajia kukuta kituo kibovu. Nikakuta kituo cha kawaida, chenye mhasibu mwanamama wa makamo anayejua kazi yake na anayeandika pembeni ya leja kwa penseli kila anapokwama.

"Mbona mwaka huu Hapana ni nne tu?" nilimwuliza, maana kwenye mafaili ya nyuma niliona kwamba robo ya kwanza alikuwa ameandika tisa. "Hizi tano mlizirekebisha lini?"

Akaenda kabatini, akatoa barua, akaniwekea mezani bila neno. Ilitoka ofisi kuu, ya mwezi Novemba, inamtaka mkuu wa kituo ajieleze ndani ya siku saba kwa nini kituo chake kina alama ya chini kuliko vyote katika udhibiti wa ndani, na kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe. Robo iliyofuata, Hapana zikawa nne. "Zile tano," mama yule akasema, "hazijarekebishwa hata moja, mkaguzi. Tuliandika Hapana ili tusaidiwe. Tukaona kumbe Hapana ni kosa. Hizi nne nimeziacha kwa sababu zilikuwa zinaonekana wazi, hata asiye mhasibu angeziona."

Nilikaa na barua ile muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kutafuta watu wanaodanganya kwenye fomu, na hapa mkononi nilikuwa na kiwanda kinachotengeneza uongo huo. Kituo cha Same kilikuwa kimeisikia habari ya Rombo. Himo pia. Wakuu wa vituo wanapigiana simu. Barua moja ilitosha kuvifundisha vituo vitano kujibu.

Wasomaji mliosoma udhibiti wa ndani mnaijua ile mihimili mitano iliyotoka kwenye mwongozo wa COSO, kamati ya Marekani ya vyama vya wahasibu na wakaguzi, wa 1992 na kuboreshwa 2013: mazingira ya udhibiti, tathmini ya vihatarishi, shughuli za udhibiti, taarifa na mawasiliano, na ufuatiliaji. Fomu yetu ilikuwa na maswali 38 ya mhimili wa tatu, yaani saini, funguo, leja, kadi. Swali la mazingira, kwamba mtumishi akisema ukweli mbaya anapokewaje, halikuwepo hata moja. Na pale ndipo palipovunjika.

Mwenzangu aliyeisoma fomu aliniletea karatasi yake wiki hiyohiyo. Aliona maswali sita yaliyobeba mambo mawili kwa pamoja. "Je, mali za kudumu zimeorodheshwa na kuhakikiwa?" Kituo kimeorodhesha, hakijahakiki, kinajibu nini? Kinajibu Ndiyo kwa nusu ya swali. Mawili kati ya hayo sita niliyatunga mimi mwenyewe. Aliona pia kwamba fomu haina mahali pa kuandika ushahidi, wala mahali pa kusema "tunafanya ila si kila mara". Fomu isiyompa mtu nafasi ya kusema "wakati mwingine" inamlazimisha achague kati ya kujishitaki na kusema uongo.

Moshi, chumba cha mikutano

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi. Kati ya majibu 60, 31 yalikuwa sahihi na yana ushahidi. Majibu 14 kazi ilifanyika, ila ushahidi haukutosha kumshawishi mtu wa nje. Majibu 12 hayakuwa kweli. Matatu yalikuwa yale ya "Haihusiki" ya Mwanga, ambayo yalihusika. Sikusema kwamba nusu ya udhibiti wa taasisi haufanyi kazi. Sampuli yangu ilielemea kwenye maswali ya hatari, kwa hiyo huwezi kuizidisha ikawa taasisi nzima. Nilisema jambo moja tu: sentensi ile ya juu ya jedwali haiwezi kutiwa saini kama ilivyo.

Meneja wa fedha alipinga, na alipinga kwa nia njema. Ni mtu ninayemheshimu. "Mkaguzi, umekaa vituoni wiki mbili. Umekuta shilingi ngapi zimeibwa?"

"Hakuna."

"Hakuna. Sasa unataka Mkurugenzi aandike kwamba udhibiti ni dhaifu, wakaguzi wa nje wakija Oktoba waanze kutuchimba, kwa kosa la karatasi kuchapishwa Julai? Fedha zote zipo."

Hoja hii ina uzito, na mkaguzi asiyeweza kuijibu asiende kwenye kikao. Niliijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni la kiufundi. Wakaguzi wa nje wakipanga kuegemea udhibiti wetu, viwango vyao vya kimataifa vya ukaguzi, kiwango namba 330 hasa, vinawataka waupime kama ulifanya kazi kipindi chote. Wakifika Same watatandaza karatasi kama nilivyotandaza mimi. Udhaifu tutakaousema wenyewe ni udhaifu. Udhaifu watakaoukuta umefunikwa kwa saini za tarehe za uongo ni jambo jingine kabisa, na saini hizo zitawafanya watilie shaka hata zile 31 zilizo sahihi.

La pili nililisema kwa kuweka mezani nakala ya karatasi ya benki ya akina mama wa Same. Shilingi 480,000 hazikuibwa. Zilikuwepo benki muda wote, salama kabisa, huku wenye nazo wakiitwa wadaiwa. Swali la "ngapi zimeibwa" halikuweza kuwaona watu wale.

Mkurugenzi alikuwa hajasema kitu. Aliuliza taratibu, "Hawa vijana nani aliwafundisha kujibu Ndiyo?"

Nikampa barua ya Rombo. Iliandaliwa na kitengo, ila saini ilikuwa yake. Aliisoma yote, hadi mstari wa siku saba. Akaiweka chini. Akamwambia katibu aandike kwenye muhtasari kwamba barua hiyo imefutwa kuanzia siku hiyo, na kituo kijulishwe kwa maandishi. Hakujitetea, wala hakumtupia lawama aliyeiandaa. Nimefanya kazi na wakuu wengi, na dakika zile naziweka juu ya hati zote safi tulizowahi kupata.

Kilichotiwa saini mwishoni mwa Agosti kilikuwa kirefu kuliko sentensi moja. Kilisema udhibiti wa stoo na wa utunzaji wa mali ulifanya kazi. Kwamba usuluhishi wa benki katika vituo viwili haukufanyika kwa wakati na baadhi ya kumbukumbu ziliandaliwa baada ya mwaka kufungwa. Kwamba utenganishaji wa majukumu haupo katika kituo chenye mhasibu mmoja, na kwamba hadi apatikane wa pili, usuluhishi wa Same utafanywa na mhasibu wa Mwanga na wa Mwanga utafanywa Same. Fedha za akina mama zilizoingia Novemba nazo ziliandikwa humo waziwazi. Mkuu wa kituo cha Same alipewa onyo la maandishi kwa saini za tarehe zisizo za kweli. Kijana hakuadhibiwa, na mimi ndiye niliyeomba hivyo, kwa kuwa alisema ukweli kabla sijamwonyesha faili la masurufu. Wapo walioona nimemhurumia kupita kiasi. Bado nasimamia pale.

Fomu iliandikwa upya na watu wa vituo wenyewe, mimi nikiwa nje ya chumba. Maswali yakapungua hadi 29. Kila jibu lina nafasi ya kuandika tarehe na mahali ushahidi ulipo, na kuna jibu la nne, "kwa sehemu". Jumla ya alama kwa kituo iliondolewa kabisa, ili Moshi isiwe na kitu cha kupanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ofisi kuu inapopokea Hapana, inatakiwa kujibu ndani ya siku 14 itasaidia nini, na majibu hayo nayo nayakagua.

Kibali cha tangawizi kilitoka siku tatu baada ya kikao. Niliomba nikipeleke mwenyewe. Mama mwenyekiti alikisoma, akakikunja mara mbili, akakiweka kwenye mfuko uleule wa nailoni pamoja na karatasi ya benki. Nikamwambia karatasi ile sasa haihitajiki tena. "Hii naibakiza, mwanangu," akasema.

Fomu za robo ya kwanza ya mwaka mpya zilifika Moshi wiki ya pili ya Oktoba. Same walikuwa na Hapana sita na "kwa sehemu" nne. Usuluhishi wa Julai ulikamilika 9 Agosti, wa Agosti 11 Septemba, tarehe za printa zikiafikiana na tarehe za saini. Himo nywila zilibadilishwa, lakini kumbukumbu za mfumo bado zinaonyesha idhini mbili za siku ambayo mkuu hakuwepo kituoni, na hizo nimeziandikia hoja ambayo hadi naandika haya haijafungwa.